Sura ya Tano: Nisimame Wapi Niione Firenze?

Anayejiandaa kwenda Italia kwa mara ya kwanza, akishamaliza mambo ya viza na tiketi, huja na swali moja: nikifika Firenze, nipande wapi niuone mji wote? Jibu la haraka lipo. Utapewa na dereva wa teksi, na mhudumu wa hoteli, na karibu kila kitabu cha watalii: nenda Piazzale Michelangelo. Si jibu baya. Ila limetolewa kabla muulizaji hajasema anataka kuona nini, saa ngapi, na mwezi gani wa mwaka.

Sura hii haitakupa orodha ya kukariri. Itakupa njia ya kupata mahali pako mwenyewe, Firenze na hata kwingineko. Njia yenyewe imejengwa juu ya jambo moja: katika mji wa kale, mahali penye mandhari nzuri mara nyingi hapakutengenezwa kwa ajili ya mandhari. Kuna mtu aliyehitaji kuona mbali. Alikuwa mlinzi aliyeogopa adui, au mtawala aliyewaogopa raia wake, au mtawa aliyetaka kukaa juu ya kelele za soko. Ukimjua mtu huyo na haja yake, umejua pa kupanda.

Tuujue mji kwanza

Firenze imelala bondeni. Mto Arno unaukata mji ukitoka mashariki kwenda magharibi. Sehemu kubwa ya mji wa kale iko ng'ambo ya kaskazini ya mto, kwenye ardhi tambarare. Upande wa kusini vilima vinaanza karibu sana na maji. Ukivuka daraja na kutembea dakika chache, tayari unapanda. Upande wa kaskazini vilima viko mbali zaidi, na juu ya kimojawapo kuna mji mdogo wa Fiesole, karibu mita 300 kutoka usawa wa bahari.

Umbo hilo peke yake linatupa kanuni ya kwanza. Vilima vya kusini vinakuonyesha mji kwa karibu, kiasi cha kuhesabu madirisha. Vilima vya kaskazini vinakuonyesha bonde zima, mji ukiwa katikati yake.

Mapaa ya mji wa kale ni ya vigae vyekundu, na mengi yanalingana kwa urefu. Ndiyo maana vitu vichache vilivyochomoza vinaonekana wazi. Vijue kabla hujapanda popote:

- Kuba la Kanisa Kuu la Santa Maria del Fiore. Kuba ni paa la mviringo. Hili lina vigae vyekundu na mbavu nane nyeupe, na ndilo kubwa kuliko kitu kingine chochote utakachokiona.
- Mnara wa kengele wa Giotto. Uko ubavuni mwa kanisa hilo, una pembe nne, na umevikwa marumaru nyeupe, kijani na waridi.
- Mnara wa Palazzo Vecchio. Ni mwembamba, wa mawe ya rangi ya kahawia, na umesimama juu ya jengo la serikali ya mji.
- Kanisa la Santa Croce. Uso wake ni mweupe, na liko upande wa mashariki.
- Kuba la kijani la sinagogi. Sinagogi ni nyumba ya ibada ya Wayahudi. Hii ilifunguliwa mwaka 1882, na paa lake la shaba limegeuka kijani.

Ukivitambua hivi vitano hutapotea. Kila unaposimama, tafuta kwanza kuba, kisha angalia mnara wa Giotto uko upande gani wake. Hapo utajua umesimama pande zipi za mji.

Fundi aliyechagua pa kusimama

Firenze ina historia ya pekee katika jambo hili la kuchagua pa kusimama. Mwanzoni mwa miaka ya 1400, Filippo Brunelleschi, fundi aliyekuja kujenga lile kuba, alifanya jaribio mbele ya Kanisa Kuu. Alisimama ndani kidogo ya mlango mkubwa, akachora kwenye ubao mdogo Nyumba ya Ubatizo, jengo lenye pembe nane lililo mkabala na mlango huo. Kisha akatoboa tundu dogo kwenye ubao.

Mtazamaji aliuweka ubao usoni, upande wa nyuma, akachungulia kwenye tundu. Kwa mkono wa pili alishika kioo mbele yake, na ndani ya kioo akaiona picha. Akikiondoa kioo, aliliona jengo lenyewe, na picha na jengo vilifanana. Lakini ilikuwa lazima asimame palepale aliposimama Brunelleschi, kwani akisogea hatua chache hila yote inaharibika. Ubao huo umepotea, ila habari zake ziliandikwa na aliyesimulia maisha yake. Kutokana na majaribio ya namna hiyo wachoraji wa Ulaya walijifunza kanuni ya kuchora vitu vya mbali na vya karibu kwa vipimo sahihi juu ya ubao bapa.

Waliomfuata walipanda juu. Katika miaka ya 1470 au 1480 ilichorwa picha kubwa ya mji mzima, inayojulikana kama Ramani ya Mnyororo kwa sababu imezungushiwa mchoro wa mnyororo. Imechorwa kama inavyoonekana kutoka vilima vya kusini-magharibi, na pembeni chini kulia mchoraji ameonyesha mtu ameketi kilimani akichora. Karne iliyofuata, Giorgio Vasari alipotakiwa kuchora ukutani, ndani ya Palazzo Vecchio, picha ya mji ulipozingirwa na majeshi, alieleza kwamba ilimbidi atafute mahali pa juu kadiri alivyoweza, hata akapanda juu ya paa la nyumba.

Kwa hiyo unapozunguka Firenze ukitafuta pa kusimama, hufanyi jambo la kitalii tu. Unafanya kazi ambayo mafundi wa mji huu waliifanya kwa bidii miaka zaidi ya 500 iliyopita.

Ukipanda kuba, kuba hulioni

Wageni wengi hukimbilia kuba lenyewe, na hapo ndipo hesabu inapokosewa. Aliye juu ya mnazi anaona shamba lote isipokuwa ule mnazi. Firenze bila kuba ni mapaa mekundu na vilima. Kitu kinachoufanya mji utambulike kiko chini ya miguu yako.

Hiyo haina maana kwamba usipande. Kuba lilianza kujengwa mwaka 1420 na kufungwa mwaka 1436. Upana wake ni takriban mita 45, na Brunelleschi alilijenga bila jukwaa la mbao la kulishikilia kutoka chini, ingawa kulitumia kulikuwa desturi ya mafundi wa wakati wake. Alijenga makuba mawili, moja ndani ya jingine, na kuacha nafasi katikati. Vidato 463 vya kupandia vinapita katika nafasi hiyo. Njiani unatokea kwenye ujia wa ndani, ambapo picha kubwa ya Siku ya Hukumu, iliyochorwa kati ya mwaka 1572 na 1579, iko karibu nawe kabisa. Baadaye ngazi zinabana, na kuta zinalala juu yako kwa kufuata mkunjo wa kuba. Anayependa kujua vitu vinavyojengwa atafurahia njia kuliko kilele. Anayeogopa nafasi finyu asijaribu, na hakuna lifti.

Anayetaka kuliona kuba kwa karibu apande mnara wa Giotto. Mchoraji Giotto aliuanza mwaka 1334, akafariki mwaka 1337, na wengine wakaumaliza mwaka 1359. Una mita 84.7 na vidato 414. Uzuri wake ni kwamba una roshani njiani, kwa hiyo unapumzika ukitazama. Ukifika juu, kuba liko mbele yako kwa ukubwa ambao hutaupata mahali pengine. Kasoro yake ni wavu wa usalama. Mpiga picha itabidi aingize lenzi kati ya nyuzi.

Anayetaka vyote viwili katika picha moja, kuba na mnara wa Giotto, aende kwenye mnara wa Palazzo Vecchio, wenye takriban mita 94. Kutoka hapo unavitazama vyote kwa umbali wa kutosha, na ukigeuka unaona mto na vilima vya kusini. Mvua ikinyesha mnara hufungwa.

*Kwa ufupi:* panda kuba kwa ajili ya kuona ujenzi, panda mnara wa Giotto kwa ajili ya kuba, panda Palazzo Vecchio kwa ajili ya vyote viwili. Kuba linahitaji kukata tiketi mapema kwa siku na saa maalumu.

Nani alihitaji kuona mbali?

Sasa tuje kwenye swali lenyewe, na tulifuate kwa historia.

*Familia zenye uhasama.* Katika karne ya 12 na 13 Firenze ilikuwa msitu wa minara. Kila ukoo wenye nguvu ulijenga wake, ili uwaone majirani wabaya wakija na uwatupie mawe. Mwaka 1250 utawala mpya wa wananchi uliamuru minara hiyo ishushwe isizidi braccia 50, yaani urefu wa mikono 50, kama mita 29. Ukitembea mitaani leo utaona majengo ya mawe, membamba na marefu kuliko jirani zake, ambayo juu yamekatwa bapa. Ndiyo mabaki ya amri ile.

*Serikali ya mji.* Baada ya kuishusha minara ya koo, mji ulijenga mnara wake mrefu kuliko yote. Ujenzi wa Palazzo Vecchio ulianza mwaka 1299. Mnara wake ulikuwa wa kengele na ulinzi, na pia wa kuwaambia matajiri nani mkubwa hapa. Ndani yake kuna chumba kidogo cha jela. Mwaka 1433 alifungwa humo Cosimo de' Medici, mwenye benki tajiri. Alihamishwa mji, akarudi mwaka uliofuata, na kuanzia hapo ukoo wake ukaishika Firenze.

*Walinzi wa malango.* Mji ulizungushiwa ukuta, na kila lango lilikuwa na mnara. Katika karne ya 16, mizinga ilipokuwa tishio, minara ya malango ilipunguzwa kimo isije ikawa shabaha rahisi. Ule wa San Niccolò, uliojengwa mwaka 1324, uliachwa na kimo chake kwa sababu kilima kilicho nyuma yake kiliukinga. Upande wake wa ndani uko wazi, kwa hiyo ukiwa chini unaziona ghorofa zake zote. Hufunguliwa msimu wa joto, na hupandwa kwa makundi madogo yenye kiongozi. Juu yake uko usawa wa mji hasa: si juu sana, si chini sana, na mto uko miguuni.

*Mtawala mwenye hofu.* Kati ya mwaka 1590 na 1595, Ferdinando de' Medici, aliyetawala Toscana yote, alimwagiza msanifu Bernardo Buontalenti ajenge ngome juu ya kilima kilicho nyuma ya jumba lake. Ni Forte di Belvedere. Ililinda mji dhidi ya adui wa nje, lakini kimo chake kilitosha kuwakumbusha wenyeji pia kwamba mizinga inaweza kugeuzwa. Kuta zake zina pembe zinazochomoza mbele, ili askari aweze kupiga risasi pembeni mwa ukuta na adui asipate pa kujificha. Msomaji aliyefika Mombasa ameshaona ufundi wa aina hiyo: Fort Jesus ilianza kujengwa mwaka 1593, miaka ileile, kwa ramani ya Mwitalia, Giovanni Battista Cairati wa Milano, aliyekuwa akiwatumikia Wareno. Ngome ya Mombasa ilikaa mahali pa kuona meli zinazoingia mlangoni mwa bandari. Ngome ya Firenze ilikaa mahali pa kuiona Firenze. Hufunguliwa zaidi majira ya joto, panapokuwa na maonyesho ya sanaa. Angalia unapokanyaga, hasa giza likianza kuingia, kwa kuwa kuta zina miporomoko mikali.

*Watawa.* Kanisa la San Miniato al Monte lilianza kujengwa mwaka 1018 juu ya kilima cha kusini-mashariki. Uso wake wa marumaru nyeupe na kijani unaonekana kutoka mjini, na ngazi zake pana zinautazama mji. Amani ya mahali hapa iliwahi kuvunjwa. Mwaka 1529, mji ulipozingirwa na jeshi la mfalme Karlo wa Tano, Michelangelo, yuleyule mchongaji, alipewa kazi ya kusimamia maboma. Kilima hiki kilikuwa muhimu, na mnara wa kengele ulikuwa na mizinga. Aliukinga na makombora kwa kuuzungushia marobota ya sufi na magodoro. Mnara bado upo. Makaburini nyuma ya kanisa amezikwa Carlo Lorenzini, ambaye ulimwengu unamjua kwa jina la Carlo Collodi, mtunzi wa hadithi ya Pinocchio.

*Mhandisi wa mji mkuu.* Mwaka 1865 Firenze ilifanywa mji mkuu wa Italia iliyokuwa imeungana karibuni. Giuseppe Poggi alipewa kazi ya kuupanua. Alibomoa kuta za kaskazini ya mto na kuweka barabara pana. Kusini alichora barabara inayopinda vilimani, na mwaka 1869 akasanifu uwanja wa Piazzale Michelangelo. Hapa, tofauti na kwingine kote, haja ilikuwa mandhari yenyewe. Poggi alitaka mgeni afike kwa gari la farasi, ashuke, na mji uwe umepangwa mbele yake. Katikati iliwekwa sanamu ya shaba ya Daudi, nakala ya ile ya marumaru ya Michelangelo. Jengo lililokusudiwa kuwa makumbusho ya kazi za Michelangelo limeishia kuwa mgahawa. Mwaka 1871 makao makuu yalihamia Roma, na Firenze ikabaki na madeni yaliyoifikisha kwenye kufilisika mwaka 1878. Uwanja nao ukabaki.

Sasa unaona kwa nini Piazzale hupendwa: ndipo mahali pekee katika orodha hii palipotengenezwa kwa ajili yako. Unaona pia kwa nini pamejaa. Ukiendelea kupanda kidogo, unafika ngazi za San Miniato. Mandhari ni ileile, kimo ni kikubwa zaidi, na kelele zimebaki chini.

Jua liko wapi?

Kwetu sisi tuliozaliwa karibu na ikweta, jua halitushughulishi sana. Linazama karibu saa ileile mwaka mzima, upande uleule wa magharibi, na mchana linapita juu ya vichwa vyetu. Ukienda Firenze na mazoea hayo utafika umechelewa.

Mwezi Juni jua la Firenze huzama karibu saa tatu usiku. Mwezi Desemba huzama kabla ya saa kumi na moja jioni. Na haliendi upande mmoja. Juni linazama kaskazini-magharibi. Ukiwa Piazzale Michelangelo utaliona likishuka karibu na usawa wa daraja la Ponte Vecchio, na mto unawaka. Desemba linazama kusini-magharibi, nyuma ya vilima vilivyo kushoto kwako. Anga bado huwa nzuri, lakini jua lenyewe haliingii kwenye picha ya mji. Picha nyingi maarufu za machweo ulizoziona ni za miezi ya joto.

Jambo la pili: mchana jua la Italia huwa upande wa kusini, mwaka mzima. Aliyesimama vilima vya kusini akitazama kaskazini huwa na jua mgongoni, na mji unamulikwa vizuri mbele yake. Aliyesimama Fiesole akitazama kusini hupigwa na jua usoni, na mji anauona kama kivuli ndani ya ukungu mweupe. Kwa hiyo Fiesole inafaa asubuhi na mapema, au jioni ya majira ya joto.

Jambo la tatu ni hewa. Bonde huhifadhi ukungu na vumbi. Siku inayofuata mvua, upepo ukiwa umepita, utaona hata milima ya mbali. Kama una siku mbili na ya kwanza ina mvua, tumia ya kwanza kwa makumbusho na ya pili kwa vilima.

*Kwa ufupi:* asubuhi Piazzale Michelangelo inakupa mji uliomulikwa na watu wachache. Jioni inakupa anga na umati. Jua likishazama usiondoke mara moja. Taa za mji huanza kuwaka wakati anga bado ina buluu, na muda huo ni mfupi.

Bila kupanda na bila kulipa

Si lazima uchoke ndipo uone. Mahali kadhaa pazuri pako chini, na hapana tiketi.

Daraja la Santa Trinita. Hapa ndipo pa kuiona Ponte Vecchio, daraja la mwaka 1345 lenye maduka juu yake. Usiku wa kuamkia tarehe 4 Agosti 1944, jeshi la Wajerumani lililokuwa likirudi nyuma lililipua madaraja yote ya mji isipokuwa hilo. Santa Trinita, lililojengwa katika karne ya 16, liliangukia mtoni. Mawe yake yaliopolewa na likajengwa upya kwa umbo lake la zamani, likafunguliwa mwaka 1958. Kichwa cha mojawapo ya sanamu zake kilipatikana mtoni mwaka 1961. Simama hapa alasiri: jua la magharibi liko mgongoni mwako na Ponte Vecchio inang'aa mbele.

Daraja la Ponte alle Grazie. Liko upande wa pili wa Ponte Vecchio, mashariki. Kanuni ni ileile ikigeuzwa: njoo asubuhi.

Mtaa wa Via dei Servi. Simama kwenye uwanja wa Santissima Annunziata, tazama mtaani. Mtaa umenyooka, nyumba zimeubana, na mwisho wake kuba limejaza anga. Kimo cha kuba utakielewa hapa kuliko ukiwa miguuni pake, ambapo shingo inauma na jicho halipati nafasi.

Maktaba ya Oblate. Ilikuwa nyumba ya watawa wa kike. Sasa ni maktaba ya umma. Ghorofa ya juu ina mgahawa unaotazama kuba kwa karibu. Kumbuka ni maktaba, wanafunzi wanasoma.

Bustani ya Waridi. Iko kwenye mteremko chini ya Piazzale Michelangelo, na kuingia ni bure. Ukitaka mji uwe na majani na maua mbele yake, shuka hapa. Anayekubali kulipa aende bustani ya Bardini, ambako mwezi Aprili kuna njia iliyofunikwa na maua ya zambarau yanayoning'inia.

Fiesole, wa kwanza kuona

Fiesole ni mkubwa kwa umri kuliko Firenze. Waetruski, watu waliokaa eneo hili kabla ya utawala wa Warumi, walijenga mji wao juu ya kilima kwa sababu iliyo wazi: aliye juu anamwona anayekuja. Warumi ndio waliokuja kuanzisha mji bondeni, kando ya mto na barabara, na taratibu ule wa bondeni ukaumeza ule wa kilimani.

Basi la jiji linapanda hadi uwanja wa katikati. Kutoka hapo kuna njia fupi yenye mteremko mkali kuelekea nyumba ya watawa ya San Francesco, na kabla hujafika kuna kibaraza kinachotazama bonde. Hapa hutaona madirisha. Utaona kwa nini mji uko ulipo: mto, tambarare, na vilima vilivyouzunguka. Karibu na Fiesole kuna Monte Ceceri, kilima kilichochimbwa mawe ya kijivu ambayo mafundi wa Firenze waliyatumia kwa nguzo na fremu za madirisha. Sehemu ya mji unaoutazama ilitoka kwenye mlima ulio jirani yako.

Ratiba ya siku moja

Kwa mwenye siku moja na miguu mizuri, mpangilio huu unafuata jua:

1. *Asubuhi na mapema:* Ponte alle Grazie, jua likiwa mgongoni.
2. *Mnara wa Giotto unapofunguliwa:* panda kabla joto halijapanda na foleni haijarefuka.
3. *Adhuhuri:* mwanga ni mkali na hauna faida. Ingia makumbusho, kisha kahawa pale maktaba ya Oblate.
4. *Saa mbili au tatu kabla ya machweo:* daraja la Santa Trinita.
5. *Kisha:* vuka mto, fuata mtaa wa San Niccolò hadi mnara wa lango, na panda kupitia Bustani ya Waridi kama bado iko wazi.
6. *Machweo:* pita Piazzale, endelea hadi ngazi za San Miniato. Anayetaka kuingia kanisani afike mapema, mabega na magoti yakiwa yamefunikwa.

Beba maji, vaa viatu vya kutembelea, na hakikisha saa za kufungua kabla ya kutoka hotelini. Ngome na bustani hubadilisha ratiba kwa msimu.

Njia hii katika miji mingine

Swali la nani alihitaji kuona mbali linafanya kazi popote Italia. Verona, panda Castel San Pietro, kilima kilicho juu ya mto Adige, ambako Waaustria waliokuwa wakiutawala mji katika karne ya 19 walijenga kambi ya askari. Roma, panda kilima cha Gianicolo, ambako mwaka 1849 Garibaldi na wenzake walijaribu kuwazuia Wafaransa wasiingie mjini. Aliyekuwa na bunduki alijua pa kusimama, na leo aliye na kamera anasimama hapohapo.

Siena inaongeza jambo. Katika karne ya 14 mji huo, mshindani mkubwa wa Firenze, uliamua kulipanua kanisa lake kuu liwe la kushangaza dunia. Tauni ya mwaka 1348 ikaua watu wengi mno, na kazi ikasimama. Ukabaki ukuta mrefu wa mbele wa kanisa ambalo halikujengwa. Leo watu hupanda ngazi ndani ya ukuta huo kuutazama uwanja wa Piazza del Campo. Hakuna aliyepanga iwe hivyo, kama ambavyo Poggi hakupanga kwamba mji mkuu ungehama na kumwachia mtalii uwanja wake.

Kwa hiyo ukifika mji wa kale usioujua, ulizia mambo matatu: waliogopa nini, waliabudu wapi, na fedha ziliwaishia wakijenga nini. Penye mojawapo ya hayo kwa kawaida pana ngazi.